Bravin Hajafika Chini

Jumanne alasiri, mvua ya Kisii ikiwa imeanza kugonga mabati ya maabara, Joyline alifunga kigololi kwenye uzi, akauning'iniza, akakivuta kigololi kando kidogo na kukiachia. Firdaus, mwenzake wa meza, alishika saa ya sekunde. Lilikuwa zoezi la kwanza la Fizikia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja kando ya barabara ya Suneka: kutafuta, kwa uzi na kigololi, dunia huvuta vitu kwa nguvu kiasi gani. Jibu lilikuwa limeandikwa ubaoni tangu asubuhi. Lilikuwa tisa nukta nane.

Hakuna aliyeona ajabu jibu kulitangulia swali. Wanafunzi wengi wa nchi hii hujifunza mapema, tangu sekondari, kwamba jaribio hufanywa kuanzia mwisho. Unaanza na jibu, unarudi nyuma polepole mpaka ufike kwenye vipimo, na vipimo vyenyewe unavichafua kidogo ili vionekane vimepimwa na binadamu. Wanaita kupika. Asiyejua kupika hulala njaa siku ya matokeo, na darasa lile lilikuwa limejaa wapishi. Madamu Persis, mwalimu wao, alipita kati ya meza akitazama nyuzi zikicheza, wala hakuuliza kwa nini meza ya nyuma walikuwa wamemaliza kuandika kabla ya kufunga uzi.

Kigololi cha Joyline kilikuwa bado kinakwenda na kurudi Bravin alipoanguka.

Bravin alikuwa kaka yake mkubwa. Aliacha shule ili Joyline aendelee, na hakuwahi kulitaja jambo hilo, ndiyo maana Joyline hakuweza kulisahau. Alikuwa fundi wa plasta kwenye jengo la Bwana Andrew mjini Kisii, lile refu linalotazamana na duka la magodoro la Mzee Gulled, baba yake Firdaus. Ghorofa za chini zilikuwa zimeshapangishwa na za juu zilikuwa bado matofali matupu. Mafundi walisimama kwenye jukwaa la miti ya mikaratusi, juu ya mbao zilizotumika tangu msingi ulipochimbwa, na ukingoni hapakuwa na kitu cha kushika. Mbao moja ilikuwa na fundo katikati, na ufa ulipita kwenye fundo. Asubuhi ile Bravin alimwambia msimamizi, "Hii mbao imechoka, bosi. Itatumwaga." Msimamizi alimjibu kwamba nyingine zingekuja Ijumaa, na kwamba fundi mzuri hukanyaga pembeni.

Alasiri mbao ile iliinama penye ufa, ikammwaga Bravin, kisha ikarudi mahali pake.

Mzee Gulled alimpigia binti yake simu. Alimwambia amlete Joyline mjini upesi, kaka yake ameanguka kutoka ghorofa ya nne, lakini hajafika chini.

Walipofika walimkuta amelala chali hewani, chini kidogo ya sakafu ya ghorofa ya nne, miguu imeachana, mwiko mkononi. Kofia yake ya sufu ya kijani, ambayo mama yao aliifuma, ilikuwa imemvuka kichwa na kukaa karibu na paji la uso. Kando ya goti lake lilikuwapo donge la plasta. Vyote vilikuwa vinashuka pamoja, Bravin, mwiko, kofia na plasta, kwa mwendo usioonekana kwa macho, kama kivuli cha nyumba kinavyosogea uani. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Mvua ilipozidi, na ilipokuwa wazi kwamba hakuna jipya la kuona kabla ya giza, walirudi kwenye shughuli zao.

Joyline alimwuliza kama ameumia. Bravin alisema hapana, ila mgongo unapigwa na baridi.

Wenzake walijaribu kumvuta ndani kwa kamba. Hakuvutika. Walichoweza ni kumgusa, na kumfunika na koti. Gari la zimamoto lilikuja, likakuta hakuna moto, likaondoka. Polisi walisema faili ya mtu aliyeanguka haiwezi kufunguliwa wakati mwenyewe anawajibu salamu. Bwana Andrew, mwenye jengo, alifika na mwavuli. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno laini, aliyezoea kusikilizwa. Aliwaombea wote waliokuwapo, akawaagiza mafundi wa juu wasimdondoshee Bravin saruji, na kazi ikaendelea. Ile mbao yenye fundo ilibaki palepale, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa haijafika, na ilipofika haikuja na mbao.

Mzee Gulled peke yake ndiye aliyefanya jambo la kuonekana. Alitoa magodoro dukani, mapya, ya unene wa juu kabisa, akayapanga barabarani chini ya Bravin na kuyafunika kwa nailoni. Alisema haiwezekani mtu aanguke mbele ya duka la magodoro, na magodoro yakae rafuni yakimtazama.

Bravin akawa sehemu ya mtaa. Wiki ilipopita, akawa usawa wa madirisha ya ghorofa ya tatu, ambako hakukuwa na mtu, na hizo ndizo zilikuwa siku zake za upweke. Baadaye alianza kukaribia saluni ya Linda kwenye ghorofa ya kwanza, na hapo maisha yakawa mepesi. Linda alimfungia mwavuli juu ya kifua, akawa anamlisha kwa kijiko kirefu cha kupikia. Wanawake waliokuwa wakisukwa walimpa habari za mji. Mama yake, Bosibori, alishuka kutoka Ekerenyo kila siku ya soko na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na chinsaga, mboga ya mgagani, iliyochemshwa hadi uchungu ukaisha.

"Kula, tata," alimwambia, kama mama wa Kisii anavyomwita mwanawe kwa kumpenda. "Mtu akianguka na njaa anaanguka vibaya."

Bravin alikula. Mama yake alikaa kwenye kiti cha saluni mpaka aone chini ya kikombe, halafu akashuka ngazi taratibu akishika ukuta. Akifika barabarani hakuinua macho. Alimwambia Joyline kwamba akimtazama mtoto wake kutoka chini, tumbo lake humwambia apokee, na mikono yake haifiki.

Chuoni, wakati wa zoezi la vitu vinavyoanguka ulifika, na mashine ya kupimia ilikuwa mbovu tangu mwaka uliotangulia. Madamu Persis hakuwa mtu wa kukaa akingoja vifaa. Alisema hakuna haja ya kudondosha vigololi wakati mjini kuna mwili unaoanguka kwa uhuru mbele ya kila mtu. Alikwenda kumwomba Mama Bosibori ruhusa, na Mama Bosibori akamwuliza Bravin. Bravin alisema kama itamsaidia Joyline, wapime tu.

Basi kila Jumanne darasa lilikuja mjini. Waliteremsha timazi la Bravin mwenyewe kutoka ghorofa ya nne, tepu ikiwa imefungwa sambamba na uzi, na Bravin akawasomea namba iliyokuwa usawa wa sikio lake. Mwanafunzi aliyesahau kuandika saa, alimkumbusha. Wengi waliandika namba ya kwanza, wakaenda kununua chipsi. Joyline na Firdaus walibaki. Walikuja pia siku ambazo si za somo, asubuhi na jioni, kwa sababu Bravin alikuwa amemwuliza dada yake swali, na dada yake alikuwa ameahidi kulijibu.

"Wewe ndio unasoma hizi vitu," alimwambia. "Niambie nitafika lini. Na nitafika aje."

Hilo la pili ndilo lililomnyima Joyline raha. Ya kwamba angefika, wote walijua. Lakini kama mwendo wake ungezidi ghafla karibu na mwisho, angekufa mbele ya duka la dawa lililokuwa chini ya jengo lile, na kama ungebaki kama ulivyokuwa, angeamka, ajipanguse suruali na kwenda nyumbani. Joyline hakuwa na kitu kingine moyoni muhula mzima. Alipima, akarudia, akampa Firdaus arudie. Hakupika hata tarakimu moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutopika, na alishangaa jinsi kazi ilivyo ndefu mtu asipolijua jibu.

Siku moja asubuhi, katika maktaba ya chuo, alichora grafu. Nukta zote zilikaa kwenye mstari mmoja mwororo, ukiinama kidogo sana. Dunia ilikuwa inamvuta Bravin, lakini ilimvuta kama mtu anayeokota yai. Joyline aliufuata mstari mpaka chini. Kaka yake angefika wiki ya mitihani, polepole kuliko mtu anayeketi kwenye kochi, polepole kuliko vumbi linavyotua kwenye meza. Alirudia hesabu kwa njia nyingine, ikamjibu vilevile. Alilia pale maktabani kwa furaha, na msimamizi wa maktaba akamwomba alie nje.

Habari zilifika Ekerenyo siku hiyohiyo. Mama Bosibori alimtenga jogoo mmoja asichinjwe kwa ajili ya mgeni yeyote. Akaisiriba upya esaiga, ile nyumba ndogo ya kijana ambayo Bravin aliijenga mwenyewe kando ya migomba, akafungua dirisha lake ipate hewa. Kanisani aliomba watu wamshukuru Mungu pamoja naye, na wakamshukuru.

Joyline akaenda kwa Mzee Gulled. Magodoro yake yalikuwa yamekaa barabarani siku nyingi, yamenyeshewa, yamekojolewa na mbwa, na askari wa kaunti walikuwa wanamsumbua kuhusu njia ya wapitao kwa miguu. Hakuwahi kulalamika. Joyline alimshukuru, akamwonyesha grafu, akamweleza kwamba sasa anaweza kuyarudisha ndani, Bravin hatayahitaji. Mzee Gulled aliitazama ile grafu kwa heshima, kama mtu anavyoitazama picha ya eksirei ya mtoto wa jirani.

"Una hakika, binti yangu?"

"Nimepima, mzee."

Mzee Gulled aliyaondoa siku hiyo hiyo. Alisugua lami kwa sabuni na maji, pakawa safi.

Wiki ya kukabidhi ripoti ilifika. Makundi mengine hayakuwa na shida. Walianza na tisa nukta nane, wakarudi nyuma, wakaandika kwamba mwili uliondoka ghorofa ya nne na kufika chini kwa muda ambao mtu hawezi kumaliza kutamka jina lake. Waliandika hivyo wakiwa wameketi kwenye baraza la Mzee Gulled, Bravin akiwa hewani mbele ya macho yao, na mmoja aliazima kalamu kwake, akamwambia asante. Hawakuwa na ubaya naye. Ripoti ni ripoti na Bravin ni Bravin, na penye wengi hapaharibiki neno.

Ripoti za kwanza zilipopokelewa, Bravin alimwambia Linda kwamba ameshtuka tumboni, kama gari linavyopita bampu. Linda alidhani ni njaa, akamwongezea uji. Ilitokea tena kesho yake. Joyline alipima, akaona nukta zimeshuka kidogo chini ya mstari, akasema labda ni upepo.

Yeye na Firdaus waliandika walichokipima. Jibu lao lilikuwa na sifuri nyingi sana baada ya nukta, na Firdaus alizihesabu kwa ncha ya kalamu asije akazidisha. Madamu Persis aliisoma ripoti yao yote, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa ripoti nyingine. Akamwita Joyline ofisini, akamwambia aketi.

"Hii ndiyo kazi safi kuliko zote," alisema. "Na siwezi kuipa alama. Mtahini wa nje anakuja na jibu lake, na ukiwa mbali na jibu ni sifuri. Ukipata sifuri kwa maabara, umeanguka somo. Ukianguka somo, unarudia mwaka."

Joyline alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemwona Bravin. Madamu Persis alisema ndiyo, alimwona, na juzi alimpelekea ndizi. Hakusema hivyo kwa ukatili. Alikuwa na macho ya mtu ambaye naye aliwahi kupima kitu kwa uangalifu zamani, akaambiwa apime tena. Alimpa mpaka Ijumaa saa nne, ripoti ya mwisho iingie kwenye rundo.

Jioni ya Alhamisi Joyline aliomba ngazi kwa Mzee Gulled, akapanda mpaka uso wake ukalingana na wa kaka yake. Bravin alikuwa amefika juu kidogo ya kibao cha duka la dawa. Hakuwa hata na haja ya kupaza sauti. Alikuwa amekonda na ndevu zimeota, na plasta kwenye vidole vyake ilikuwa imekauka na kupasuka. Joyline alimshika mkono usio na mwiko, akamweleza yote.

Bravin alimwuliza wale wengine wameandika nini. Akamwambia.

"Basi andika kama wao."

"Ni uongo, Bravin."

"Ni karatasi, Joy. Mimi niko hapa." Alimfinya kidole. "Unataka kurudia mwaka kwa sababu yangu? Mimi niliacha shule juu ya nini? Pika hiyo kitu, upite. Nikifika nikupate na cheti."

Joyline alikaa juu ya ngazi mpaka Mzee Gulled alipokuwa anafunga duka, na kabla ya kushuka aliirekebisha ile kofia ya kijani, ambayo upepo ulikuwa umeisogeza. Haikukubali kurudi kichwani. Ilibaki hewani pale ilipotaka.

Ijumaa asubuhi walipika. Hata kupika kulimshinda Joyline, akawa anakosea, na Firdaus ndiye aliyeandika tarakimu za mwisho huku akimfuta mwenzake machozi kwa ncha ya hijabu yake. Walipata tisa nukta saba tisa, wakaiacha hivyo, kwa kuwa tisa nukta nane kamili ingetiliwa shaka. Joyline aliipeleka ripoti mwenyewe. Aliiweka juu ya rundo. Madamu Persis akazungushia rundo mpira, akaandika juu yake kwamba darasa zima limekubaliana.

Wakati huo Linda alikuwa ameinama dirishani mwa saluni, akimteremshia Bravin kikombe cha uji kwa kamba. Bravin alikuwa amenyoosha mkono. Alianguka kama ripoti zilivyosema. Ingawa alikuwa amebakiza kimo cha mlango tu, alifika chini kwa kasi ya mtu aliyetoka ghorofa ya nne, juu ya lami ambayo Mzee Gulled alikuwa ameisugua. Mwiko wake ulivunjika mpini. Uji haukumwagika.

Joyline alipigiwa simu akiwa kwenye ngazi za chuo. Aliketi palepale. Hakuuliza imekuwaje, alikuwa anajua, na kujua huko kulimkaa kifuani tangu siku hiyo, wala hakukutoka. Firdaus aliketi naye. Wanafunzi waliopita waliwaruka miguu, wakifurahia kumaliza ripoti.

Bravin alizikwa Ekerenyo, kando ya esaiga yake, dirisha likiwa bado wazi. Mama Bosibori alimchinja yule jogoo akawapa waombolezaji, kwa kuwa alikuwa ameshatengewa Bravin na hakukuwa na mwingine wa kumngoja. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akiitazama mikono yake, anaigeuza, anaitazama tena. Mzee Gulled alikuja na jamaa zake wanaume, wakasimama nyuma, na zamu ya kutupa udongo ilipofika, alitupa kwa mikono yake miwili na kukataa kupokea sepeto. Bwana Andrew alileta hema na kreti za soda. Alipewa nafasi ya kusema, akasema kwa huzuni ambayo haikuwa ya kuigiza kwamba ajali haina kinga.

Sasa polisi waliweza kufungua faili. Waliomba ripoti za darasa, nao walipewa rundo lote likiwa na mpira wake. Zote zilikubaliana kwamba marehemu alianguka kwa njia ya kawaida, kwa nguvu ya kawaida ya dunia. Waliandika kwamba chanzo cha kifo ni dunia. Joyline alikwenda kituoni akawaeleza habari ya mbao yenye fundo. Ofisa mmoja, kijana mwenye adabu, alimletea kiti, akapekua ripoti zote akitafuta mbao. Haikuwemo. Alimwonyesha Joyline sahihi yake kwenye ripoti ya mwisho, akamwuliza kama ni yake. Joyline alisema ni yake.

Matokeo ya maabara yalibandikwa. Darasa zima lilikuwa limepita. Pembeni mwa ripoti ya Joyline na Firdaus, Madamu Persis aliandika kwa kalamu nyekundu neno moja, safi.

Kulikuwa na kofia. Hakuna kundi lililoiandika kofia kwenye ripoti, kwa sababu swali halikuihusu, na yenyewe iliendelea kushuka kwa mwendo wake uleule wa zamani, mbele ya mlango wa duka la dawa. Wateja waliinamisha kichwa wakipita. Jumanne iliyofuata Joyline alikwenda mjini na timazi, akapima. Hakuna aliyemtuma na hakukuwa na alama. Firdaus alikuja bila kuitwa, akashika saa. Mzee Gulled alipowaona, alitoa godoro moja, jipya, la unene wa juu kabisa, akaliweka chini ya kofia na kurudi dukani. Walipima hivyo siku zote zilizobaki, na nukta zote zilikaa kwenye ule mstari mwororo wa kwanza.

Wiki ya mitihani, asubuhi ambayo grafu ilikuwa imeitaja, kofia ilikuwa imebakiza upana wa kidole. Siku chache kabla, ilipokaribia kugusa godoro, Joyline alikuwa amemwomba Mzee Gulled alisogeze, alitaka kuona. Mzee alikuwa amelivuta kando. Sasa wote watatu walichuchumaa kwenye lami, na Linda alikuwa dirishani, kitana mkononi. Sisimizi mmoja alikuwa anapita chini ya kofia na punje ya sukari. Kofia ilimshukia. Baada ya muda sisimizi akatokea upande wa pili, punje yake ikiwa bado mdomoni, akaendelea na safari.

Firdaus aliisimamisha saa. Mzee Gulled alisema jina la Mungu kwa sauti ya chini, akafunika uso kwa mikono. Joyline aliandika muda, kisha akaiokota kofia. Ilikuwa na harufu ya saruji na ya nywele za kaka yake.

Juu, kwenye ghorofa ya nne, Ian, fundi mpya wa plasta, aliwapigia kelele akiuliza kama hiyo kofia ina mwenyewe. Joyline alimjibu kwamba ina mwenyewe. Ian aliinua mkono, akachukua karai lake la saruji, akapita juu ya ile mbao, akikanyaga pembeni kama alivyofundishwa.